Chora mabomba kwanza, kioo baadaye

Juzi ndugu mmoja ameniandikia: "Kaka, tangi nimeshanunua, lina urefu wa mita mbili na limeshakaa sebuleni. Sasa nielekeze, bomba zinaanzia wapi?" Nimemjibu kwa kirefu. Najua wengi mnaonisoma mna hamu hiyohiyo ya tangi kubwa la maji chumvi lenye matumbawe hai, kwa hiyo nalileta jibu hapa tulisome wote.

Mimi kioo nilikinunua mwisho. Kabla ya hapo nilikaa na daftari, rula na penseli nikachora safari nzima ya maji: yanatokea wapi juu, yanaangukia wapi, yanachujwa wapi, yanasukumwaje kurudi. Watu walinicheka. Fundi bomba wa kwanza niliyemwita aliutazama mchoro, akanirudishia kabla hata ya kufunua ukurasa wa pili, akasema bomba ni bomba. Akafunga njia ya maji kwa kona kali mfululizo na kugundisha kila kiungo moja kwa moja mpaka kwenye pampu, bila yunioni hata moja, yaani kile kiungo kinachofunguliwa kwa kuzungusha bila kukata bomba. Nilipomuuliza pampu itatokaje siku ikihitaji kusafishwa, akanijibu, "Utakata bomba." Nilimlipa, nikamuaga vizuri, kisha nikang'oa kila kitu. Kicheko kile bado kinaniuma nikikikumbuka. Lakini tangi lipo, linafanya kazi, na anayetaka kuliona anakaribishwa.

Tuanze na uzito, maana hapo hakuna mjadala. Tangi la sentimita 200 kwa 80 kwa kimo cha 60 linachukua kama lita 960. Maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa hiyo hapo una karibu kilo 985 za maji peke yake. Kioo cha milimita 15 kinaongeza kama kilo 190. Bado mawe, bado mchanga, bado stendi, bado tangi la chini. Sakafu iulizwe kwanza kama inaweza, na anayeulizwa awe mtu anayejua ujenzi.

Tangi la chini ndilo tunaloliita sampu, na ndiyo roho ya mfumo wote. Humo hukaa skima inayotoa uchafu kwa povu, hita, na pampu ya kurudisha maji juu. Hesabu ninayowasihi muifanye kabla ya kununua chochote ni hii. Tangi la sentimita 200 kwa 80 likishuka sentimita moja tu, lita 16 zimeondoka. Umeme ukikatika, pampu inasimama na maji yanaanza kurudi kinyume kwa sifoni, yaani kujivuta yenyewe kushuka bila pampu, kupitia bomba lilelile lililoyapandisha, mpaka mdomo wa bomba uvute hewa. Mdomo ukiwa sentimita 3 chini ya uso wa maji, hizo ni lita 48 zinazoshuka. Ongeza yaliyomo kwenye bomba na kwenye kisanduku cha mfuriko, kile cha juu ambamo maji humwagikia kabla ya kushuka. Je, sampu yako ina nafasi hiyo juu ya kimo chake cha kila siku? Kama haina, maji yatakaa sakafuni.

Wapo watakaokwambia ufunge valvu ya kuzuia maji yasirudi, mambo yaishe. Usiitegemee. Chokaa hujijenga ndani yake, konokono mdogo hunasa kwenye ulimi wake, na siku unayoihitaji haifungi. Kitundu cha kuvunja sifoni, kinachotobolewa kwenye bomba karibu na uso wa maji ili livute hewa, nacho huzibwa na mwani usipokisafisha. Weka mdomo wa bomba karibu na uso wa maji, acha nafasi kwenye sampu, ulale.

Upande wa pili wa hesabu hiyo wengi huusahau. Bomba la kushusha maji likiziba huku pampu inaendelea, pampu itayavuta maji yote ya chumba chake na kuyapandisha juu. Chumba hicho kikiwa na lita 30, tangi la juu litapanda karibu sentimita 2. Basi juu ya kimo cha maji acha zaidi ya hizo. Mimi chumba cha pampu nilikifanya kidogo kwa makusudi, nikakubali kuongeza maji baridi kila mara kwa mashine ndogo ya kujaza yenyewe. Maji yanayopotea kwa mvuke huacha chumvi nyuma, kwa hiyo kinachoongezwa ni maji safi yasiyo na chumvi.

Sasa kelele. Bomba moja la kushusha maji likichanganya maji na hewa hukoroma usiku kucha. Mfumo unaojulikana kwa jina la Herbie una bomba mbili: moja limejaa maji tupu bila hewa na hudhibitiwa kwa geti valvu, la pili ni la dharura. Mfumo wa BeanAnimal una tatu: la sifoni kamili, la pili lililo wazi kwa hewa linalopitisha maji kidogo, na la tatu kavu linalosubiri ajali. Mimi nilichagua tatu na sijutii. Tangi kubwa halitakiwi kutegemea njia moja ya kushuka. Kwenye bomba la sifoni tumia geti valvu, ile ya kuzungusha taratibu, maana ile ya kugeuza robo mzunguko haikupi urekebishaji mdogo unaohitajika. Mdomo wa chini wa bomba hilo uzame sentimita 2 au 3 tu ndani ya sampu. Ukizama sana, hewa haipati pa kutokea na sifoni haianzi.

Usiku fulani hivi karibuni umeme ulikatika kwangu. Nilichukua tochi nikachuchumaa mbele ya sampu. Maji yakapanda, yakapanda, yakasimama pale pale nilipokuwa nimechora mstari kwa kalamu ya wino. Uliporudi, bomba la sifoni lilikohoa hewa kidogo, likajaza, kukawa kimya. Hakuna aliyeamka. Furaha niliyoipata pale siwezi kuificha, na ndiyo iliyonipa nguvu ya kuandika haya.

Kuhusu pampu, namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Tazama mchoro wa nguvu yake kwa kimo, kisha ondoa tena kwa ajili ya kona. Kona moja ya digrii 90 ni afadhali uigawe kuwa mbili za digrii 45. Mzunguko wa sampu wa mara 3 hadi 5 ya ujazo wa tangi kwa saa unatosha. Mawimbi ya matumbawe hutengenezwa na pampu za ndani ya tangi. Usifunge shaba popote, hata kiungo kidogo, kwa kuwa shaba huua konokono, kamba na matumbawe. Waya za umeme ziachie mkunjo unaoning'inia chini ya soketi ili tone la maji lidondoke kabla ya kufika, na weka kikata umeme cha kuzuia shoti ya mtu.

Ndugu zangu, mchezo huu unataka subira. Ukiona mtu anajivunia matumbawe yaliyoingia tangini wiki ileile lilipojazwa maji, usimwonee wivu. Bakteria wa kubadilisha amonia, sumu itokanayo na uchafu wa viumbe, kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, huchukua wiki kadhaa kujijenga, na hakuna bomba zuri litakalowaharakisha. Nidhamu uliyoionyesha kwenye karatasi ndiyo utakayoionyesha kwenye kupima maji kila wiki. Aliyedharau mchoro atadharau na vipimo.

Aliyeshanunua kioo naye asikate tamaa. Kabla ya kutoboa matundu ya bomba, hakikisha si kioo kilichoimarishwa kwa joto, kwani hicho ukikigusa na keekee ya kutobolea kinasambaratika chote. Weka skrini nyeupe ya kompyuta nyuma ya kioo, vaa miwani ya jua yenye polaroidi, tazama: ukiona madoa au mistari ya giza, weka keekee chini. Kikiwa cha kawaida, toboa taratibu huku ukimwagia maji. Mpira wa tangi konekta, kile kiungo kinachopitisha bomba kwenye tundu la kioo, ukae upande wa kichwa chake kipana, nati ikazwe kwa mkono na kuongezwa robo mzunguko, si zaidi.

Weka yunioni pande zote mbili za kila kitu kitakachohitaji kusafishwa. Gundi ya bomba iache ikauke saa 24. Kisha jaza maji baridi yasiyo na chumvi, washa, zima, washa tena, ziba bomba la sifoni kwa mkono uone la dharura linavyobeba mzigo, pitisha tishu kavu chini ya kila kiungo. Liache lizunguke siku chache. Tishu ikitoka kavu kila mahali, mwaga yale maji, ndipo uanze kukoroga chumvi mpaka gramu 35 kwa kilo, kwa joto la nyuzi 25 au 26.