Jibu: Kuingia kamati ya ardhi ya kaunti ndogo

Ndugu, umeuliza kama kamati ya ardhi ya eneo, yaani ile ya kaunti ndogo hapa Uganda, inapigiwa kura. Hapana. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1998, baraza la wilaya ndilo huteua, kwa mapendekezo ya baraza la kaunti ndogo: mwenyekiti na wajumbe wanne. Kwa hiyo anza na diwani wako, mwambie wazi kuwa unataka kujitolea. Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) naye akujue.

Kazi yenyewe ni kwenda shambani, kukagua mipaka na kusikiliza wanaopinga pale mtu anapoomba cheti cha ardhi ya kimila. Majirani watanuna! Ukiwa na shamba lenye mgogoro, limalize kwanza. Posho usiitegemee.