Kwa nini sauti inagonga "tak" klipu mbili zinapokutana?

SWALI: Fundi, asalaam alaykum. Napiga video za harusi hapa Majengo na kuhariri kwa Premiere Pro. Kila klipu mbili zinapokutana nasikia "tak" ndogo. Nikiweka mpito wa sauti, yaani klipu moja ififie huku ya pili ikipanda, mara programu inaniambia malighafi haitoshi, mara inakubali lakini taarabu inazama katikati halafu inarudi. Niifute programu niiweke upya?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Usifute kitu. Hapo una matatizo matatu, na yote yako kwenye taimlaini yako, ule ukanda unaopangia klipu. Programu haina kosa.

Tuanze na hiyo "tak". Sauti ni wimbi linalopanda na kushuka kupitia mstari wa sifuri. Ukikata wimbi likiwa juu, na klipu ya pili ikaanza likiwa chini, spika inaruka ghafla, na mruko huo ndio unaousikia. Vuta taimlaini karibu kabisa utaiona: pale palipotakiwa mteremko pana ngazi. Dawa yake ni mpito wa fremu 2 tu, yaani picha mbili za video. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40, na kwa sauti ya 48,000 Hz, yaani wimbi hupimwa mara 48,000 kwa sekunde, ndani yake mna vipimo (sampuli) 1,920. Zatosha kulainisha ngazi ile bila mtu kugundua. Weka kimstari juu ya mkato, bonyeza Ctrl, Shift na D kwa pamoja, kisha ufupishe mpito, maana wenyewe huja na urefu wa sekunde 1.

La malighafi ndilo linalowasumbua wengi. Mtazame fundi wa kanzu: hakati kitambaa kikaishia pale pale penye mshono, huacha upindo. Mpito nao ni mshono. Wa sekunde 1 ukiwekwa katikati ya mkato unataka nusu sekunde ya ziada kutoka kila klipu, na ziada hiyo hutoka kwenye sehemu uliyoikata ukaificha. Kama umeiweka klipu nzima tangu mwanzo hadi mwisho, hapana cha kushonea. Angalia pembe ya juu ya klipu: ukiona kipembetatu kidogo, ujue umefika ukingoni. Ipunguze klipu kidogo, au ufupishe mpito.

Mimi mwenyewe, harusi moja kule Kisauni, shekhe alimaliza hotuba ya nikaha na mimi nikazima kamera papo hapo, kwa pupa tu. Nyumbani nikakuta hakuna hata robo sekunde ya ziada. Ikabidi niende mwanzo wa rekodi, kabla watu hawajakaa, nichukue ule mvumo wa feni na minong'ono, niulaze chini ya mkato. Siku hizi naacha kamera iendelee sekunde tano baada ya kila jambo.

Sasa kuzama kwa taarabu. Nadhani umeweka mpito wa aina ya Constant Gain. Hiyo hushusha klipu moja na kupandisha nyingine kwa mstari ulionyooka; katikati kila moja imepungua desibeli 6, na sauti mbili tofauti zikijumlishwa hapo bado zinapungukiwa na desibeli 3 hivi. Badilisha uweke Constant Power, ambayo katikati hupunguza kila moja desibeli 3, na jumla haishuki. Lakini angalia: kama pande zote mbili ni sauti ile ile iliyolingana sawasawa, Constant Power itaifanya sauti ipande katikati, na hapo Constant Gain ndiyo yenyewe.

Ila kwa taarabu, kusema kweli, mimi siweki mpito kabisa. Mapigo yasipolingana utasikia ngoma mbili zikigombana, na hapana mpito wa kuzipatanisha. Weka kinasa sauti pembeni kirekodi wimbo mzima bila kukatika, uulaze chini, kisha ukate picha peke yake juu yake utakavyo: bibi harusi, akina mama wanaotunza, vyovyote.

Na kama baada ya haya yote "tak" bado ipo, sikiliza klipu ghafi peke yake, nje ya taimlaini. Ikisikika na humo, basi kagua waya wa maikrofoni.