Nyanya za nyumbani Mbeya kuungua majani wakati wa masika: uzoefu wangu

Dada uliyehamia Uyole, hapa Mbeya, kutoka Tanga, pole sana. Umesema nyanya ulizopanda Desemba zilishamiri vizuri, kisha ghafla majani yakawa na mabaka meusi kama yamemwagiwa maji ya moto, na sasa hata mashina yanageuka kahawia. Ukauliza kama samadi ndiyo iliyoziunguza.

Siyo samadi. Hiyo ni baka jani chelewa, wakulima wa viazi huku wanaita ukungu tu. Nimelima bustani nyuma ya nyumba hapa Mbeya miaka mingi na ndio ugonjwa ninaouheshimu kuliko mdudu yeyote. Unataka vitu viwili: ubaridi, na jani linalokaa na maji muda mrefu. Masika yetu yanautimizia vyote. Mvua inapiga mchana, usiku umande unashuka, na jani la nyanya halikauki mpaka saa nne asubuhi. Halafu viazi mviringo ni ndugu wa nyanya, wanaugua ugonjwa huohuo, na vimelea vyake husafiri kwa upepo. Uyole ukizungukwa na viazi vya majirani, hata ukiwa msafi namna gani utafikiwa.

Kule pwani mtu anapanga bustani kwa kuangalia maji yatatoka wapi. Huku panga kwa kuangalia baridi na unyevu wa majani. Mimi nyanya nasia kitaluni Julai, mahali pa kukingwa na baridi, nahamisha miche Agosti mwishoni kipupwe kikianza kuachia. Zinakua kwenye jua la Septemba na Oktoba kwa maji ya ndoo, na nachuma kabla mvua kubwa hazijakolea Desemba. Kumwagilia ni kazi, lakini unamwaga maji shinani, jani linabaki kavu, na hilo ndilo linalookoa zao. Mwagilia asubuhi, jioni usiguse.

Ukitaka nyanya za masika kwa lazima, ziwekee paa la nailoni juu ya fito, pembeni wazi upepo upite. Nafasi kati ya shina na shina iwe kubwa, funga mimea kwenye vijiti, na ondoa majani ya chini yanayogusa udongo. Dawa za ukungu zenye mankozebu zinakinga tu, kwa hiyo zinapigwa kabla ugonjwa haujaingia. Jani lililokwisha kuungua halirudi. Na soma kibandiko uone ni siku ngapi usubiri baada ya kupiga dawa ndipo uchume. Hizi ni mboga za watoto wako, usiruke hapo.

Zilizougua ng'oa zote leo, ufukie mbali au uchome. Usizitupe kwenye shimo la mboji. Na hapo zilipokuwa usirudishie nyanya, viazi, hoho wala bilinganya msimu unaofuata.

Kiangazi kina adui yake pia, kantangaze, yule kiwavi anayechora njia ndani ya jani na kutoboa tunda. Alianza kuripotiwa Tanzania mwaka 2014. Joto linapopanda anazaliana haraka, kwa hiyo kagua majani kila ukipita na ukiona michoro chuma jani hilo uliharibu. Sota, kiwavi mwingine anayekata miche usiku, nampata kwa kufukua udongo kidogo kando ya mche uliolala. Asubuhi anakuwa bado yupo hapohapo.

Kitu kingine kitakachokushtua ni miche kuwa ya zambarau chini ya majani ikifika Juni. Mara nyingi ni baridi: mizizi inashindwa kuvuta fosforasi, na udongo wetu wenye asili ya volkano una tabia ya kuishikilia. Samadi iliyooza vizuri inasaidia, na mbolea ya kupandia kidogo chini ya mche. Usimwage mbolea ya kukuzia ukidhani miche ina njaa ya mbolea hiyo.

Lakini nakuomba usiione baridi kama mkosi. Sukuma wiki, kabichi, karoti, njegere, vitunguu na saladi zinapenda hali ya hewa hii kuliko ya Tanga. Sukuma wiki ya Juni huku ina jani nene na tamu, ukichuma ya chini unaendelea kula miezi. Mchicha ndio utakaokukatisha tamaa, unadumaa, usubiri joto. Karoti zisie palepale zitakapokulia, na samadi mbichi usiweke, zitatoka na miguu miwili miwili.

Kabla sijakushauri zaidi, tuambie kiwanja chako kiko bondeni au kwenye mwinuko. Hewa ya baridi hutelemka usiku na kutuama bondeni, na jalidi, yaani umande ulioganda kuwa barafu, ikianguka Julai ndiko inakoanzia. Kama ni bondeni, anza kukusanya nyasi kavu za kufunika miche sasa hivi.