Simu Ilale Sebuleni

Juzi usiku dada mmoja wa mtaa wa Katindo, hapa kwetu Goma, aliniandikia, akiniita yaya, yaani dada mkubwa: "Yaya, silali. Nasikiliza odio, sauti zinazotumwa kwenye simu, mpaka saa tisa za usiku, asubuhi mwili unatetemeka. Wewe ulifanya nini?" Nilisoma ujumbe wake mara tatu, nikaweka mkasi chini. Maneno hayo yalikuwa yangu mwenyewe miaka michache tu iliyopita.

Nyiragongo, mlima wetu wa moto, ililipuka Jumamosi jioni, Mei 22, 2021. Mbingu iligeuka nyekundu, nasi tukatoka mtaani kwetu Majengo na watoto, godoro moja na kichwa cha mashine yangu ya kushonea nimekifunga kwa kitenge. Lava ilisimama pembezoni mwa mji, lakini ardhi iliendelea kutetemeka siku baada ya siku, na Mei 27 tukaamriwa kuhama, kartie (mitaa) 10 kwa mara moja. Tukaenda Sake, mji mdogo magharibi mwa Goma.

Tuliporudi tulikuta nyumba imesimama. Wote walisema tumshukuru Mungu, na nilimshukuru. Ila mwili wangu haukuwa umerudi kutoka Sake. Lori likipita na dirisha likalia, mimi nimeshafika mlangoni na mtoto mkononi. Usiku simu ililala chini ya mto wangu: kikundi hiki kinasema mlima utalipuka tena leo, kile kinasema gesi ya Ziwa Kivu inapanda. Sauti za watu nisiowajua. Nilizisikiliza zote, na mbaya zaidi nilizisambaza.

Kisha mteja akaniletea kitenge cha yadi 6, cha mahari ya binti yake. Nikakata, nikashona, na nilipoweka mikono ya nguo juu ya meza nikaona yote miwili imepinda upande mmoja. Mikono miwili ya kushoto! Nilikuwa na miaka 15 kwenye kazi hii. Alinifokea mbele ya wanafunzi wangu, nikalipa kitenge chote, na kwa muda mrefu watu wa mtaa ule hawakuniletea hata suruali ya kupunguza. Katika kikundi cha maombi mama mmoja alisema anayeogopa hivyo hana imani. Neno lile linaniuma hadi leo. Sikuacha kusali hata siku moja.

Aliyenisaidia ni muuguzi. Nilikwenda kupima presha, akaniuliza, "Mama, unalala saa ngapi?" Nikalia palepale kwenye benchi. Akanieleza kwamba mwili ulioogopa sana huendelea kulinda zamu hata hatari ikiisha, na kwamba mwenye zamu hiyo hatulizwi kwa kukemewa. Anaambiwa polepole, kila siku, kwa mambo yaleyale.

Basi nilianza na simu. Saa mbili usiku inakwenda sebuleni, inabaki huko. Habari nasikiliza mara moja kwa siku, mchana, redioni. Wiki ya kwanza nilitaka kuamka niichukue. Mume wangu aliificha ndani ya sufuria.

Kahawa yetu ya Kivu naipenda, lakini kikombe cha saa kumi jioni, nusu ya nguvu yake bado imo mwilini saa tatu usiku. Sasa nakunywa asubuhi tu. Na asubuhi hiyohiyo natembea nusu saa kuelekea mtaa wa Birere kabla chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, hazijajaa barabarani, kwa sababu mwanga wa alfajiri ndio unaoiambia akili kuwa siku imeanza, na usiku itakumbuka kulala. Mawe meusi ya lava yanaharibu viatu. Viatu vitanunuliwa vingine.

Halafu pumzi. Vuta ukihesabu nne, toa ukihesabu sita au nane. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mbio za moyo. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme na maji vikakatika, tulilala kwenye korido mbali na madirisha. Niliogopa kama kila mtu. Lakini nilihesabu kwa sauti, watoto wakahesabu nami, na mdogo akasinzia kabla hatujafika mara ya kumi. Nakwambia kwa fahari: safari hii sikusambaza odio hata moja.

Dada zangu, kaka zangu, tumefundishwa kuvumilia mpaka tunadhani kunyamaza ni ushujaa. Sema. Tafuta mtu mmoja, si kumi, mmoja asiyekatiza, umwambie jinsi ulivyolala. Mimi namwambia jirani yangu tukichambua sombe, majani ya muhogo; mikono ikiwa na kazi maneno hutoka. Na wewe unayemsikiliza mwenzako, acha kumpimia imani. Kaa naye.

Ukiona wiki mbili zinapita huli, hulali, hupati furaha katika chochote, nenda kituo cha afya, uulize kama kuna mwanasaikolojia. Wazo la kujiua likikujia, usingoje hata hizo wiki mbili: nenda leo, na mtu akusindikize. Hakuna aibu. Mguu ukivunjika tunakwenda, sivyo?

Dada wa Katindo, simu ipeleke sebuleni usiku huu. Jumamosi njoo kwangu Majengo. Nina mashati ya wanafunzi yanayongoja vifungo, sindano ya pili nimeshakutungia uzi, na sitakuuliza kitu mpaka utake mwenyewe kusema.