Kwa nini Edward wa Nane hakuweza kumwoa Wallis Simpson na bado akabaki mfalme wa Uingereza?

Swali zuri, maana wengi hudhani shida ilikuwa Umarekani wake. Kikwazo hasa kilikuwa talaka. Wallis alishaachika mara moja, na mwaka 1936 alikuwa mahakamani akidai talaka ya pili. Waume wote wawili walikuwa hai. Mfalme wa Uingereza ndiye mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uingereza, na kanisa hilo wakati ule halikukubali mtu aliyeachika aoe au aolewe tena wakati mwenzake wa zamani yu hai.

Edward alijaribu njia ya kati: amwoe, lakini asiitwe malkia. Waziri Mkuu Baldwin na baraza lake wakakataa. Kuwapuuza kungeangusha serikali.

Basi tarehe 10 Desemba 1936, nyumbani kwake Fort Belvedere, akatia saini hati ya kujiuzulu mbele ya wadogo zake watatu, nao wakasaini kama mashahidi. Kesho yake usiku akazungumza redioni, akasema mzigo wa ufalme hauwezi bila msaada wa mwanamke anayempenda. Alitawala siku 326, hata taji hakuvishwa. Walioana Ufaransa Juni 1937.

Mimi huruma yangu iko kwa mdogo wake, George wa Sita, mtu mwenye kigugumizi aliyeachiwa kiti ambacho hakukitaka. Binti yake Elizabeth alirithi ufalme Februari 1952 akiwa hapa Kenya.