Tiketi za msimu za Angels: ulipie au usubiri?

Ndugu yangu, nimekuelewa: unasita kulipia tiketi za msimu mzima za klabu ya besiboli ya Los Angeles Angels kwa sababu inamwaga pesa kwa wachezaji huru (waliomaliza mikataba yao) wenye umri mkubwa na kuwasahau chipukizi. Hofu yako ina msingi.

Usajili ukitangazwa, angalia umri na urefu wa mkataba kabla ya jina. Albert Pujols alisaini Desemba 2011 akiwa na miaka 31: miaka 10, dola milioni 240. Mwaka uliofuata Josh Hamilton, dola milioni 125. Kwa kanuni za wakati ule, usajili huo uliwanyima Angels chaguo la raundi ya kwanza 2012 na 2013 katika drafti, yaani zamu za klabu kuchagua chipukizi wapya. Na nyota wao Mike Trout walimpata 2009 kwa chaguo kama hilo, lililotoka kwa klabu ya Yankees kwa kuwa ilimsajili Mark Teixeira aliyekuwa Angels! Kupoteza chaguo za aina hiyo kunaniuma hadi leo. Vladimir Guerrero, aliyesajiliwa 2004 akiwa na miaka 28, alikuwa MVP (mchezaji bora wa ligi) mwaka huohuo, kwa hiyo usiwakatae wote.

Kwa sasa nunua tiketi za mechi mojamoja, na uwafuatilie vijana wa Salt Lake Bees, timu ya daraja la chini inayowaandalia Angels wachezaji. Ukiamua kulipa msimu mzima kwa awamu, soma kwanza masharti ya kurudishiwa pesa, na usikope.