Kishamba cha mboga katika kijiji cha Uingereza

Ndugu, umeuliza utapataje kishamba cha mboga cha kukodi (allotment) na kufahamiana na watu katika kijiji ulichohamia Uingereza. Mwandikie karani wa baraza la parishi (serikali ndogo ya kijiji, si ya kanisa) akuweke kwenye orodha ya kusubiri. Omba nusu tu: kipande kizima cha kawaida ni kama mita za mraba 250, na magugu ya Juni humshinda mgeni hadi baraza limwandikie onyo.

Baraza likisema hakuna ardhi, usikate tamaa! Wakazi sita walio kwenye daftari la wapiga kura, au wanaolipa kodi ya baraza (council tax, kodi ya makazi), wakiandika ombi, sheria ya vishamba ya 1908 inalibana baraza lilizingatie. Mkenya au Mtanzania mwenye kibali cha kuishi huruhusiwa kujiandikisha kupiga kura, kwa hiyo nawe ukiwa mmoja wao unaweza kuwa kati ya hao sita.

Wakati unasubiri, soma ubao wa matangazo wa ukumbi wa kijiji, ujitolee kupanga viti kwenye shughuli zake; hapo utafahamiana na watu.